Stihl 070 na Bedford TJ: chuma kizima, raba ndizo zilizokufa

Swali ni kama mashine kuukuu za namna hii zinafaa kununuliwa na kufufuliwa. Nianze na jibu, maana najua wengi mtasoma aya mbili kisha mkaruke kutafuta bei. Ndiyo, chenso (msumeno wa injini) ya zamani ya Stihl 070 inafaa kununuliwa hata ikiwa chakavu, kama unatafuta kitu cha kushughulika nacho jioni na si mashine ya kukulisha. Na ndiyo, lori kuukuu la Bedford linafufuka. Ila pesa yangu ya kwanza niliipeleka pasipo, na hilo ndilo lililonifanya niandike.

Mimi ni mhasibu, si fundi. Naishi Mafinga, jirani na Sao Hill, shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote nchini, kwa hiyo mlio wa chenso kwangu ni kama jogoo. Tangu mdogo ndio ulionijulisha kwamba kumekucha. Kazini nashinda na vitabu vya hesabu. Nikirudi navaa ovaroli na kuingia bandani, na mke wangu ameshazoea kuniletea chai huko huko.

070 yangu niliipata kwa mzee mmoja aliyepasua mbao miaka mingi, mikono ikamchoka. Alikuwa ameiweka uvunguni, ndani ya mfuko wa salfeti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kununua au umekuja kuishangaa?"

Nikavuta kamba mara tatu, kimya. Mzee akacheka. "Hiyo haijafa, imelala tu. Mimi mwenyewe ndiye niliyechoka." Tukakubaliana laki tatu na nusu, pamoja na cheni mbili na tupa iliyokwisha meno.

Kwa wasioijua: hii ni mashine ya silinda moja, cc 106, pistoni ya milimita 58 inayopanda na kushuka milimita 40. Chenso nyingi za shambani siku hizi hazifikii nusu ya hapo. Ni mrithi wa Contra, chenso ya mwaka 1959 ambayo kwayo Stihl waliacha kutumia gia, cheni ikachukua nguvu moja kwa moja kutoka kwenye klachi. Haizunguki kwa kasi kama za kisasa, lakini ina nguvu ya ng'ombe wa jembe. Ukiishikilia kwenye gogo la mkaratusi haipigi kelele za kulalamika, inakula tu. Na haina siri: ukiwa na spana chache, bisibisi na subira, unaifungua yote mezani na unaona kila kitu kinavyofanya kazi.

Sasa kosa langu. Ilipowaka mara ya kwanza ilikuwa haina nguvu, na ikishapata moto inazima. Kila niliyemuuliza akasema pistoni imekwisha. Nikanunua silinda na pistoni mpya, kopi, vimefungwa kwenye boksi zuri sana. Laki moja na tisini. Nikafunga, ikawaka kwa hasira, nikafurahi, nikakata kuni kama dakika arobaini hivi. Halafu ikanguruma vibaya, ikakaza, ikasimama. Kufungua, pistoni mpya imekwaruzika upande wa egzosti, mistari mirefu kama imeparuliwa na paka. Nikaitoa ile ya zamani kwenye kopo nikalinganisha. Mistari ile ile, upande ule ule.

Nilikaa nazitazama zote mbili mpaka chai ikapoa. Pistoni mbili, moja ya Kijerumani na moja ya kuiga, haziwezi kufa kifo kimoja kwa bahati mbaya.

Ugonjwa haukuwa kwenye pistoni. Krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, kwenye injini ya namna hii ina sili mbili za raba, moja upande wa klachi na moja upande wa sumaku inayotoa cheche. Zikikauka, injini inavuta hewa kupitia pembeni mwa krenki badala ya kuivuta yote kupitia kabureta. Hewa inazidi, petroli inapungua, na kwa kuwa oili ya kulainisha imo ndani ya petroli, nayo inapungua. Joto linapanda, pistoni inavimba, inanata. Ukiweka pistoni mpya bila kubadilisha sili umenunua jeneza jipya kwa maiti yule yule.

Kupima hakuhitaji mashine ya bei mbaya. Nilikata vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, nikaziba tundu la egzosti na la kabureta, nikapachika vali ya baiskeli kwenye kimojawapo. Sumaku nikaitoa. Nikajaza hewa kwa pampu ya mkono, kidogo tu, nusu baa inatosha, usijaze kama tairi. Kisha maji ya sabuni kwa brashi kuzunguka krenki. Upande wa klachi, kimya. Upande wa sumaku yakatoka mapovu madogo madogo, yanapasuka yanatoka mengine, kama uji unaoanza kuchemka. Sili ile niliibadilisha, na ya pili pia kwa kuwa tayari nilikuwa nimefungua. Zote mbili ziligharimu elfu kumi na nane. Linganisha na laki moja na tisini.

Silinda ya zamani niliirudisha kwenye mashine. Kilichoonekana kama mikwaruzo kwenye kuta zake kwa kiasi kikubwa kilikuwa alumini ya pistoni iliyogandia pale. Asidi ya chumvi kwa kijiti chenye pamba, nje kwenye upepo na glavu mkononi, ikaila alumini ile, na ukuta chini yake ukatokea mzima. Kwenye pistoni na ringi sikuwa na la kufanya ila kununua nyingine.

Kabureta nayo ilikuwa hadithi ile ile. Ni Tillotson, aina isiyo na bakuli wala boya. Kazi ya kupima petroli inafanywa na kiwambo chembamba cha raba kinachopumua kufuatana na injini. Ndiyo maana chenso inaendelea kuwaka ikiwa imelala ubavu au imepinduliwa, jambo ambalo pikipiki haiwezi. Kiwambo changu kilikuwa kimekakamaa kama ngozi ya ngoma. Seti ya raba na gasketi elfu ishirini na tano, nusu saa ya kazi, basi.

Kuhusu mchanganyiko nitasema kwa ukali kidogo, maana vijana wetu wanapimia kwa macho. Ukitumia oili ya kawaida ya tuu-stroki, hii mashine inataka 1 kwa 25, yaani mililita 40 kwa kila lita ya petroli. Kidumu cha lita tano ni mililita 200. Nunua chupa yenye mistari duka la dawa. Mifuniko ya soda si kipimo.

Cheni ni ya inchi .404, meno makubwa. Inanolewa kwa tupa ya mviringo ya milimita 5.5, nyuzi 30, na kile kibonye kilicho mbele ya jino kinatakiwa kiwe chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.8. Ukikishusha zaidi ya hapo chenso inaruka, ukikiacha juu inatoa unga badala ya vipande. Na kwa kuwa nimefika kwenye cheni: umbo la jino hili lililojikunja lilitokana na buu. Mwaka 1946 mkata miti wa Oregon, Marekani, Joe Cox, alimwona buu wa mbawakawa akila gogo kushoto na kulia badala ya kwenda mbele moja kwa moja. Akaenda kuiga taya zake kwa chuma. Kila ninaponoa namkumbuka yule buu kuliko namkumbuka Cox.

Kasoro za 070 sitazificha. Ni nzito, ukiiinua mabegani asubuhi, usiku utaikumbuka. Hii yangu haina raba za kupunguza mtetemo kwenye mshikio, kwa hiyo baada ya dakika ishirini vidole vinaanza kufa ganzi, na wapasua mbao waliozitumia miaka mingi wapo ambao vidole vyao vinageuka vyeupe kukiwa na baridi. Mzee aliyeniuzia ni mmoja wao. Haina breki ya cheni, na ncha ya mbele ya chenso ikigonga mti mwingine itakurudia usoni. Kelele zake bila vizuia sauti masikioni ni ujinga. Kama una kibarua wa kukata miti kutwa nzima, mnunulie chenso ya kisasa. Nasema hivi nikiwa naipenda.

Sasa Bedford. Hii ni TJ, lile lenye pua, kadi yake inasoma 1973. Aina hii ilitoka mwaka 1958 kutoka Dunstable, Uingereza, na kabla ya Wajapani kujaa barabarani ndiyo iliyokuwa ikipandisha mbao na mahindi sehemu nyingi za nchi hii. Langu lilikuwa limeegeshwa nyuma ya kiwanda cha mbao kwa miaka 11. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kebini, na nilikabidhiwa pamoja na mayai manne.

Hapa nilikuwa nimeshapata akili. Kila mtu aliyepita bandani aliniambia niteremshe injini. Nikakataa. Nikauliza swali moja tu kwa kila sehemu: raba iko wapi humu? Vikombe vya raba ndani ya silinda za breki, magurudumu yote manne. Hosi za breki. Hosi za rejeta. Kiwambo cha ile pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka kwenye tangi. Sili za magurudumu ya nyuma. Feni belti. Zote nje, zote mpya au zilizofinyangwa upya. Hosi za rejeta nilizipata Makambako, vikombe vya breki vilitoka Dar kwa basi, baada ya kupima kipenyo kwa vernia, maana dukani ukisema "Bedford" kijana wa kaunta anakutazama kama umetaja jina la babu yake. Spana zake ni za inchi. Usijaribu kulazimisha za milimita 13 na 14, utalia na nati zenye vichwa vya mviringo.

Angalizo la mafuta ya breki: mtu aliyelitumia mwisho alikuwa amejazia oili ya stelingi. Oili ya namna hiyo inavimbisha raba za breki. Vikombe nilivyovitoa vilikuwa vimevimba na laini kama uyoga, na masta silinda ilikuwa imekaba. Nilisafisha mabomba yote kwa spiriti kabla ya kuweka mafuta yanayostahili.

Pampu ya dizeli na nozeli nilizipeleka Iringa kwa mafundi wenye benchi ya kupimia. Hii ndiyo huduma ninayoipa nyota tano katika safari nzima. Walipima kwanza kabla hawajagusa nati. Wakanionyesha nozeli mbili zinazotema mkojo badala ya ukungu, wakabadilisha hizo mbili tu, na nne nyingine wakaziacha. Vipuri vya zamani nikarudishiwa kwenye mfuko. Fundi wa namna hiyo mshike asikuponyoke.

Ninachokiogopa kwenye lori hili ni rimu zake tu, zile zenye ringi ya kufungia pembeni. Ringi ikiwa na kutu na haijakaa vizuri, wakati wa kujaza upepo inaweza kuruka na kuua mtu. Mimi nazungushia mnyororo mzito kwenye rimu na tairi, natumia mpira mrefu, nasimama mbali kwa ubavu. Fundi tairi mmoja alinicheka kwamba nina woga. Nikampa pampu, nikarudi nyuma zaidi.

Liliwaka Jumamosi moja ya mwezi wa saba, asubuhi ile ya baridi ya Mufindi ambayo pumzi inaonekana. Nilitoa hewa kwenye chujio, kisha pampu, kisha nikalegeza nati za nozeli moja moja mpaka dizeli ikatoka bila mapovu. Starta ikazunguka taratibu, moshi mweupe, mapigo mawili, matatu, halafu silinda zote sita zikaungana. Kuku wakatoka mbio uani.

Sasa naenda nalo hadi Kinyanambo na kurudi, 070 nyuma kwenye bodi imefungwa kwa kamba, tunaleta kuni za nyumbani. Kilichobaki ni raba ya kioo cha mbele, ambayo nimeitafuta mwaka mzima. Nimeweka kipande cha mpira wa ndani wa tairi la trekta, na mvua ikinyesha goti langu la kulia linalowa.