Supamaketi mbili zimekuwa moja, risiti yangu imenenepa

Hapa kwetu Arusha tulikuwa na supamaketi mbili zinazotazamana. Nilikuwa naingia hii, naangalia bei ya mafuta ya alizeti, navuka barabara, nalinganisha. Mwaka huu mmoja kamnunua mwenzake. Rangi mpya, mabango mapya. Nikasema haya, tuone.

Risiti ninazo. Mafuta ya lita 3 yalikuwa 19,500, sasa 22,000. Sukari ya kiwanda cha TPC, inayotoka hapo Moshi tu, imepanda kwao wakati sokoni Kilombero, hapa hapa Arusha, haijaguswa. Lakini kilichonichefua ni maziwa. Kwenye rafu wameandika 2,800, kaunta inasoma 3,200. Nikamwambia binti wa kaunta, "Mdogo wangu, twende tukaangalie pamoja." Tukaenda. Akabandua kile kikaratasi, akakitia mfukoni. "Samahani dada, hiki cha zamani." Nikalipa 3,200, maana watoto walishaahidiwa chai ya maziwa.

Wakongwe wa hapa wanakumbuka 2014, supamaketi ya Shoprite ilipowauzia wenzao Nakumatt maduka yake, la Arusha likiwemo. Miaka michache tu na Nakumatt nao wakafunga. Huko Marekani, kampuni ya supamaketi ya Kroger ilipotaka kumnunua mwenzake Albertsons, mahakama ilizuia Desemba 2024, ikihofia hizi hizi bei.

Mkate wao mzuri, nisiseme uongo. Ukienda saa kumi na moja jioni unaukuta wa moto, mfuko unatoa jasho.

Nyota mbili, zote za mkate. Mafuta na mchele napanda daladala hadi Kilombero.