Betri ya pili kwenye Hiace ya kulala: nunua waya kwanza

Malalamiko ya wasomaji wa Pwani yanafanana. Betri ya pili, ile ya nyuma inayoendesha friji, ni mpya, friji inakata saa tisa za usiku, fundi anasema betri ni feki, mwenye gari ananunua nyingine, na baada ya miezi michache ni yale yale. Uwezo, uzito na miaka ya waranti vimeandikwa kwenye boksi, hatutavirudia. Kisichoandikwa popote ni waya unaotoka betri ya injini kwenda nyuma.

Waya mwingi mnene unaouzwa kwenye vifurushi vya ampilifaya za magari ni alumini iliyovikwa shaba. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba tupu. Bara ungeweza kuuvumilia. Hapa, hewa ya chumvi ikishaingia penye lagi, yaani kichwa cha chuma cha mwisho wa waya, shaba na alumini zikakutana na unyevu, alumini huliwa. Kwa nje waya ni mzima, ndani umekuwa unga mweupe. Kiungo kinapata moto, ukinzani unapanda, moto unazidi. Betri inasingiziwa.

Upime kabla hujalipa. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukionekana mweupe ndani, rudisha. Uchome kwa kiberiti cha gesi: uzi wa alumini hulegea na kukatika, wa shaba huwa mwekundu na kubaki. Mwenye duka akiwa na mizani, mita moja ya shaba ya milimita 16 za mraba ina kama gramu 140 bila plastiki. Ya alumini haifiki nusu ya hapo. Na kata uangalie, kwa sababu wapo wanaouza unene wa plastiki.

Chaja ya ampea 30, ile inayochukua umeme wa betri ya injini kuchaji ya nyuma, huvuta karibu ampea 40 upande wa injini. Kwa mita tano kwenda na tano kurudi, shaba ya milimita 16 hupoteza kama nusu volti. Shaba ya milimita 6, ambayo mafundi wengi huweka, hupoteza volti 1.2. Hapo chaja inayopima volti ili ijue kama injini inawaka hudhani imezimwa, ikakata, volti zikapanda, ikawaka tena. Bora kabisa ni shaba iliyopakwa bati, ile ya maboti. Waya wa kurudi nao uvute mpaka nyuma. Bodi ya Hiace iliyokaa Pwani ina kutu pasipoonekana, usiifanye njia ya negativu. Lagi zibanwe kwa koleo la haidroli, si kwa nyundo, kisha zivalishwe mpira unaonywea ukipashwa moto, wenye gundi ndani.

Weka fyuzi mbili za ampea 60, aina ya MIDI (zile za kufungwa kwa boliti), moja kila upande, ndani ya sentimita 18 kutoka betri. Ni mbili kwa sababu betri zote mbili zinaweza kuchoma waya huo. Zile fyuzi za glasi za redio ziache dukani.

Sasa vifaa vya kuunganisha betri hizo mbili. Cha kwanza, na hapa sina aibu ya kupendelea, ni chaja ya ampea 30 ya Victron, Orion-Tr Smart 12/12-30. Unachagua aina ya betri kwenye simu, na hupandisha volti hata zikifika nyuma zimepungua. Ukiendesha kwa saa tatu nyuma ya malori mpaka Voi, umerudisha kama ampea-saa 90. Kasoro yake ni joto: ikipita nyuzi 40 hupunguza nguvu, kwa hiyo ifunge wima, penye hewa, na kamwe si karibu na injini.

Cha pili ni relei inayosikiliza volti, ile inayounga betri kwenye volti 13.3 hivi na kuachia karibu 12.8. Kwa betri ya AGM (ya risasi, isiyomwagika) na alteneta ya zamani inatosha. Kwa lithiamu ni mtego. Lithiamu iliyojaa hukaa kwenye volti 13.3 hata injini ikizimwa, relei ikabaki imeshika. Tena lithiamu ikiwa imeishiwa huvuta umeme mwingi bila breki: foleni ya feri ya Likoni, injini iko sailensa, inanguruma gari limesimama, feni ya alteneta inazunguka polepole, na alteneta inaungua.

Cha tatu ni swichi ya mkono. Ni rahisi, mpaka siku utakayosahau kuizima.

Betri yenyewe: lithiamu ya LiFePO4 ya ampea-saa 100. Friji ya kompresa kwa joto letu inaweza kula ampea-saa 40 hadi 60 kwa siku, na AGM ya 100 hutakiwi kuishusha chini ya nusu. Isitoshe, maisha ya AGM hupungua kama nusu kwa kila nyuzi 10 juu ya 25, na gari lililoanikwa juani Nyali hupita hapo kabla ya saa nne. Iweke chini ya kiti cha nyuma. Betri ya kawaida ya gari, ya kuwashia injini, usiifikirie.

Tatizo kubwa sasa ni wauzaji. Ukija na gari lenye hema juu, bei ya waya ule ule inapanda. Ukiomba kukata kipande uone ndani, unaambiwa ununue rola nzima. Waranti wanaihesabu tangu betri ilipoingia ghalani kwao, na risiti imepigwa muhuri kwamba mali ikiuzwa hairudi. Dai risiti ya eTIMS, ile ya KRA, iandikwe «waya wa shaba, mm² 16», kwa maneno hayo hayo. Anayekataa kuliandika neno shaba, ondoka dukani kwake.