Hela ya muda mfupi kwa mkandarasi mdogo: pa kuanzia na pa kupitia mbali

Kama uko kwenye ukandarasi miaka mitano, saba, kumi, hali hii unaijua: kazi zipo, mikataba imesainiwa, wateja unaowadai wangelipa leo ungefuta madeni yote na chenji ingebaki, ila Ijumaa mafundi wanataka chao na akaunti iko tupu. Hiyo sio biashara mbovu, ni hela iliyochelewa njiani. Nondo na simenti unalipa leo, kazi inapimwa mwisho wa mwezi, mhandisi anakagua, cheti cha malipo (karatasi ya kuthibitisha kiasi unachostahili kulipwa) kinatoka, alafu mteja ana siku 30 au 60 za kulipa, na akilipa bado anakushikilia asilimia 5 au 10 ya ritensheni, yaani sehemu ya hela yako anayoizuia kama kinga, mpaka kipindi cha uangalizi wa kasoro kiishe.

Wengi tukifika hapo tunakimbilia kuuliza riba ni ngapi. Mi nimepanga huu mwongozo kwa swali lingine: hela gani hasa ndo itakayolipa huu mkopo, na inaingia lini? Kama huwezi kutaja cheti namba fulani cha mteja fulani kinachotegemewa wiki fulani, basi usikope kwanza. Na kama pengo limetokana na kwamba kazi uliitolea bei ya chini, mkopo wa muda mfupi hautakutoa, utakusogeza tu mbele ukiwa na deni juu.

Namba 1: hela yako mwenyewe iliyoko kwa mteja

Najua umekuja kutafuta mkopo lakini nivumilie, maana hapa ndo tunapoacha hela nyingi kuliko popote. Malipo ya awali ya asilimia 10 mpaka 30 ya mkataba ni kitu cha kawaida kabisa kwenye ujenzi, ila lazima uombe kabla ya kusaini, sio baada. Mteja anaweza kutaka dhamana ya benki au ya bima kwa hiyo hela, yaani ahadi yao ya kumlipa ukishindwa kazi, na dhamana ina ada yake, lakini mara nyingi hiyo ada ni ndogo kuliko riba ya kukopa kiasi hichohicho. Omba pia upimaji wa kazi ufanyike kila wiki mbili badala ya mwezi, na vifaa vilivyoshushwa saiti vihesabiwe kwenye cheti hata kama havijajengewa. Ritensheni nayo ukiwa na jina zuri unaweza kubadilisha na dhamana, upewe hela yako mapema.

Kuna wanaompa mteja punguzo la asilimia 2 alipe ndani ya siku 10 badala ya 30. Inasikika ndogo, piga hesabu: umelipia asilimia 2 ili upate hela siku 20 mapema, kwa mwaka hiyo ni kama asilimia 37. Fanya tu kama njia nyingine uliyonayo ni ghali kuliko hapo.

Namba 2: ovadrafti au limiti ya mkopo unaozunguka

Kwa biashara iliyokaa muda, hii ndo naipenda kuliko mikopo mingine yote. Benki inakupa kikomo, unachota unapotaka, unarudisha cheti kikilipwa, unachota tena, na riba unalipia ile uliyochota tu kwa siku ulizokaa nayo. Mfano ukichota 100,000 kwa siku 40 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, riba yake ni kama 1,970 tu. Weka na ada ya kufungua na ya kila mwaka maana zipo, lakini bado iko chini sana ukilinganisha na hizi za haraka tutakazofikia.

Shida yake ni mbili. Ya kwanza benki inatoa ovadrafti kwa mtu asiyeonekana kuihitaji, kwa hiyo unaiomba mwezi ambao akaunti imeshiba, sio mwezi unaotafuta mishahara. Nimeshawahi kwenda na maombi wiki ambayo nimebanwa, taarifa ya akaunti inaonyesha salio linagusa sifuri kila siku tatu, na jibu nikalijua kabla afisa hajamaliza kufungua faili. Miezi minane baadaye, baada ya kazi mbili kulipwa vizuri, nikapewa, na biashara ilikuwa ileile. Ya pili ni kwamba mikataba mingi inairuhusu benki kuidai yote muda wowote, kwa hiyo usinunulie mashine, ikae kwa mishahara na vifaa vinavyorudi ndani ya miezi miwili mitatu.

Namba 3: kuchukua vifaa kwa mkopo kwa msambazaji

Siku 30, wakati mwingine 60, bila riba, bila kuandika hati kurasa ishirini. Kwa mtu mwenye historia ya kulipa ni rahisi kupata, na ingekuwa namba 2 isipokuwa hailipi vibarua wala mafuta ya gari. Angalia tu kitu kimoja, bei ya mkopo na bei ya kashi zinafanana? Mara nyingi hazifanani, na hiyo tofauti ndo riba yako hata kama hakuna aliyeiita riba. Tumia hii pamoja na ovadrafti, vifaa huku, mishahara kule.

Namba 4: kuchukua hela juu ya invoisi

Yaani kampuni ya fedha inakupa asilimia 70 mpaka 90 ya invoisi yako sasa hivi, mteja akilipa unapata iliyobaki wakishakata ada. Tuseme invoisi ni 100,000, wanakupa 80,000, ada ni asilimia 3 ya invoisi kwa kila siku 30, mteja akalipa siku ya 60. Ada imefika 6,000, unapokea 14,000 za mwisho. Sasa zile 6,000 umelipia 80,000 ulizotumia kwa miezi miwili, kwa mwaka hiyo inakaribia asilimia 45, kwa hiyo wakikwambia "asilimia tatu tu" usitulie hapo.

Alafu wakandarasi tuna tatizo letu maalum: invoisi zetu hazifanani na za mtu aliyeuza magunia akayashusha akaondoka. Zina ritensheni ndani, zinategemea cheti, mteja anaweza kukata hela akidai kuna ukuta umepasuka, ndo maana kampuni nyingi za aina hii hazitaki kabisa invoisi za ujenzi. Zinazokubali uliza mambo matatu: mteja asipolipa nani anabeba? (mara nyingi ni wewe), mteja ataambiwa kwamba umeuza invoisi? na mkataba wako na mteja unaruhusu kuhamisha malipo kwa mtu mwingine? Hilo la mwisho watu hawalisomi, kuna mikataba inakataza wazi. Pale mteja ni mkubwa, analipa polepole lakini kwa uhakika, hii njia inafaa sana.

Namba 5: mkopo wa mkupuo (unapewa hela yote mara moja) wa miezi 6 mpaka 12

Sawa kama una kazi moja yenye mwisho unaoonekana. Uliza riba ni ya salio linalopungua (inahesabiwa kwa deni lililobaki) au ni bapa (inahesabiwa kwa mkopo wote wa mwanzo mpaka mwisho), kwa sababu asilimia 10 bapa kwa miezi 12 ukiibadilisha kuwa ya salio linalopungua ni karibu 18. Omba marejesho yafuate ratiba ya vyeti kama wanakubali, na uliza ukilipa mapema unapunguziwa au la. Kama shida yako ni mashine, usiingie hapa, chukua mkopo wa mashine yenyewe, muda mrefu zaidi na mashine ndo dhamana.

Ya mwisho kabisa: hela ya haraka inayokatwa kila siku

Zinakuja na sura nyingi, mikopo ya simu, "advansi" juu ya mauzo yako ya mbele, hela ndani ya masaa 24. Bei haiitwi riba, inaitwa kizidisho, mfano 1.3, unachukua 100,000 unarudisha 130,000. Ukirudisha kwa makato ya kila siku ndani ya miezi sita, gharama yake kwa mwaka inapita asilimia 100, kwa sababu hela umeanza kuirudisha kesho yake, hujakaa nayo yote hata wiki. Ukilipa mapema mara nyingi hupunguziwi chochote. Na kwa mkandarasi ni mbaya zaidi ya kwa mwenye duka, duka linaingiza kila siku, sisi tunaingiza mara moja kwa mwezi tukibahatika, makato hayajui hilo. Niliwahi kuichukua kulipa vibarua cheti kikiwa kimekwama, cheti kikachelewa wiki tano zaidi, makato yakala hela ya mchanga, saiti ikasimama, na saiti iliyosimama haipimwi.

Kama tayari uko ndani, usichukue ya pili kulipia ya kwanza. Wapigie kabla siku moja haijakwama, na usome mkataba kama kuna kipengele cha kurekebisha makato yafuate mapato halisi, mingine inacho na hawatakukumbusha. Alafu beba mkataba wa kazi, orodha ya unaowadai na siku walizochelewa, na taarifa za akaunti za miezi 12, nenda benki uombe mkopo wa mwaka au miwili wa kuifuta, na uwaonyeshe makato ya kila siku ni kiasi gani na rejesho la mwezi litakuwa kiasi gani. Tofauti ya hizo namba mbili ndo hoja yako, iandike juu kabisa ya barua.