Laptopu Imekuwa Bubu: Spika Mpya za Dukani au za Kung'oa?

Habari zenu ndugu zangu, karibuni. Leo nipo nyumbani Kirumba, Mwanza, na hapa mezani nina jozi tatu za spika za ndani za laptopu. Hizi za kwanza ni za zamani, zimekufa. Hizi za pili ni mpya, nimezinunua dukani mjini kwa shilingi 28,000. Na hizi za tatu zimeng'olewa kwenye laptopu iliyoungua bodi, fundi kaniuzia kwa 15,000. Zote ni za modeli moja. Nitakuambia ipi imebaki ndani ya mashine.

Mashine yenyewe ni ya mjomba wangu. Anafundisha kwaya, na humo ndimo anamohifadhi nyimbo zake. Kila wimbo kaurekodi mara nne: sauti ya kwanza peke yake, ya pili, ya tatu, na ya nne, ile nzito ya chini kabisa. Mazoezini anaiweka laptopu juu ya kiti, kundi linalojifunza linaizunguka, linasikiliza, linarudia. Sasa Jumanne jioni kaja nayo kwapani. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mjomba. Hii kitu imekuwa bubu, na Ijumaa nina mazoezi." Kumbe alishapita kwa fundi mmoja, na huyo fundi, bila hata kuiwasha, kamwambia spika zimeungua, atoe 60,000. Jambo hilo liliniuma. Mtu hajaisikiliza mashine, anaisomea hukumu!

Kwa hiyo tuanze na vipimo visivyo na gharama. Bofya alama ya spika pale chini kulia, utazame sauti inaelekezwa wapi. Kama jana uliunganisha projekta au spika ya Bluetooth, mashine inaweza kuwa bado inapeleka sauti huko. Rudisha kwenye spika za ndani. Ikigoma, fungua orodha ya vifaa (Device Manager), ondoa draiva ya sauti, yaani programu inayoendesha kifaa cha sauti, zima na uwashe. Windows itairudisha yenyewe. Bado kimya? Washa mashine kwa flashi yenye Linux Mint au Ubuntu, ambayo ni mifumo mingine ya kuendesha kompyuta badala ya Windows, unaiendesha kwenye flashi hiyohiyo bila kusakinisha chochote. Sauti ikitoka huko, spika zako ni nzima na tatizo liko kwenye Windows. Na kama unatumia Dell, wakati inawaka bonyeza F12, ingia kwenye uchunguzi wa mashine. Itapiga milio kwenye spika kabla Windows haijaamka.

Ya mjomba ilikaa kimya kote huko. Ila kuna kitu nilikiona: haikuchomekwa hedifoni yoyote, lakini kwenye skrini inasema hedifoni zipo. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa.

Sikiliza vizuri hapa, maana watu wengi wanapoteza hela kwa kutolijua hili. Ndani ya tundu la hedifoni kuna kiswichi kidogo sana. Ukichomeka, kinasukumwa, mashine inajua kuna hedifoni na inanyamazisha spika. Ukichomoa, kinarudi. Sasa tundu likijaa vumbi, au kiswichi kikang'ang'ania, mashine inaamini hedifoni bado zipo. Nilimulika kwa tochi ya simu nikaona utando wa kijivu, na katikati yake bawa la mdudu, jembamba kama ganda la kitunguu. Ni wale wadudu wa ziwani! Wewe unayekaa huku kwetu unawajua: wanapanda kutoka ziwani kama moshi, jioni wanafuata taa, asubuhi unawafagia mlangoni. Hawaumi, lakini kioo cha laptopu kinachowaka gizani kwao ni taa kama taa nyingine.

Nilizima mashine kabisa, nikachovya kijiti chembamba chenye pamba kwenye alkoholi ya kusafishia vifaa vya umeme, nikazungusha taratibu, nikaacha ikauke. Kisha nikachomeka na kuchomoa hedifoni mara kumi hivi ili kiswichi kilegee. Nikawasha. Sauti hiyo! Mjomba akasimama.

Halafu akakaa tena. Upande wa kushoto hakuna kitu, na wa kulia unakwaruza kama karatasi inayochanwa. Ugonjwa mmoja ulikuwa umejificha nyuma ya mwingine.

Basi ikabidi tufungue. Chaji nje, skrubu za chini zote, mfuniko unaubandua kwa kadi ya plastiki, usitumie kisu. Kabla hujagusa kingine chochote, chomoa waya wa betri kwenye bodi. Spika zimekaa pembeni, kushoto na kulia, zimeunganishwa kwa nyaya nyembamba zinazoishia kwenye pini moja. Nilizitoa nikazipima kwa mita ya fundi, ile ya kupimia umeme. Nyuma zimeandikwa omu 4 (kipimo cha ukinzani wa umeme), wati 2. Spika nzima ya omu 4 kwenye mita inasoma chini kidogo ya nne. Kulia nikapata 3.6. Kushoto mita haikusoma kitu, maana yake koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika, imekatika. Huna mita? Chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha nyaya mbili za spika kwa kupapasa tu. Nzima itatoa mlio wa "tap". Ila fanya hivyo spika ikiwa imeshatoka, kamwe usipeleke betri kwenye bodi.

Ile ya kulia inasoma vizuri, mbona inakwaruza? Nikaigeuza kwenye mwanga: kiwambo, ile ngozi nyembamba inayotikisika kutoa sauti, kimechanika ukingoni. Nikamuuliza mjomba anapigia muziki nini. VLC. Na anapandisha hadi mwisho, asilimia 125, maana ukumbi ni mkubwa na waimbaji ni wengi. Hapo mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa, koili inapata joto, kiwambo kinarushwa kupita uwezo wake. Spika ya wati 2 haiwezi kulisha ukumbi.

Sasa hizi mpya. Kwa macho zinafanana na za zamani, lakini shika mkononi: nyepesi, sumaku ni ndogo. Waya wa kushoto ni mfupi, nililazimika kuupitisha nje ya njia yake, karibu na feni, na hilo silipendi hata kidogo. Halafu zimekuja bila vile vipira vya kwenye matundu ya skrubu. Usivione vidogo, bila hivyo spika inagonga kwenye plastiki na laptopu nzima inanguruma. Nikahamisha vya zamani.

Kuzipima nikatumia nyimbo za mjomba, na sijawahi kupata kipimo kizuri kama hicho. Sauti ya kwanza ikatoka kali, safi. Ya pili safi. Ya tatu imepungua nyama. Ya nne, ndugu zangu, ni kama mzee anaimba ndani ya pipa lililofunikwa. Mjomba akasema, "Sauti ya nne wangu watajifunza nini hapa?" Kwa simu za video, taarifa ya habari, masomo, zitakufaa, na duka limenipa wiki moja ya kurudisha. Kwa muziki, hapana.

Hizi za kung'oa nilizichunguza kwanza dukani kwa fundi: tochi kwenye kiwambo, mita 3.7 na 3.8, namba ya kwenye kibandiko ilingane na ya zamani, si jina la laptopu tu. Zilikuwa na udongo wake, nikaupangusa kwa mswaki laini. Waya umelala kwenye njia yake kabisa. Sauti ya nne imerudi. Si nzito kama ya redio, lakini unasikia mtu anashuka ngazi kwa ngazi. Hizi ndizo zilizobaki. Hazina dhamana, hilo lijue, ukitoka umetoka.

Kwa mazoezi nimempa mjomba waya wa kuunganisha kwenye spika kubwa ya kanisani, na VLC haipiti 100.

Sasa vaa hedifoni zako. Simu nimeiweka hatua moja kutoka kwenye laptopu, sauti asilimia 70, wimbo mmoja, sauti ya nne. Naanza na zile mpya, kisha za kung'oa. Niandikie umesikia tofauti wapi.