After Laughter ya Paramore: sikiliza magitaa kwanza

Mpiga gitaa yeyote hapa Moshi anayedhani panki, yaani roki ya kasi na fujo, ni kelele tu, namwomba aanze na albamu hii ya mwaka 2017. Mimi napiga solo kwenye kwaya ya vijana ya usharika wetu, Majengo, na hii ndiyo iliyonibadilisha mkono.

Bendi ya Paramore ilianzia Franklin, Tennessee, mwaka 2004, mwimbaji wao Hayley Williams akiwa na miaka 15. Albamu ya Riot! ya 2007 ndiyo iliyowapa jina: magitaa yananguruma mwanzo mwisho, drams zinakimbia, Hayley anaimba kama mtu anayedai chake. Naipenda mpaka leo, ila nyimbo zake nikizifuatanisha, masikio yanachoka. Mwishoni mwa 2010 ndugu wawili, Josh na Zac Farro, wakajitoa. Waliobaki hawakukata tamaa. Albamu yao ya 2013 ina Ain't It Fun, ambamo kwaya ya gospo inaingia kuitikia, na wimbo huo ukawapa Grammy. Sisi watu wa kwaya tunajua kazi ya kiitikio kinachoingia kwa wakati wake. Pale kimeingia sawasawa.

Lakini utamu wenyewe uko After Laughter. Zac karudi kwenye drams, mpiga gitaa Taylor York kaondoa ule mngurumo. Gitaa ni safi, kila uzi unasikika. Kwenye Told You So rithimu inashika palepale bila kuyumba, solo inazunguka juu yake, fupi fupi, haina papara. Baba, ambaye kwake gitaa ni Mbaraka Mwinshehe, aliusikia akiwa sebuleni akauliza hii ni bendi ya wapi. Nilipomwambia Marekani, akaomba niurudie.

Na juu ya muziki huo wa kuchezeka kuna maneno mazito. Hayley ameeleza wazi kwamba kipindi kile alikuwa akipambana na sonona. Hard Times inakuchezesha mabega huku anayeimba amechoka kabisa. Wimbo uitwao 26 ni wa taratibu, gitaa na fidla, na hapo ndipo sauti yake inaponigusa kuliko popote.

Wimbo wa No Friend nauruka. Mwimbaji mwalikwa, Aaron Weiss, anaongea chini ya magitaa mpaka maneno hayashikiki.

This Is Why ya 2023 ilichukua Grammy ya albamu bora ya roki, na ilistahili, ila magitaa yake ni makavu zaidi na mimi bado narudi huku.

Usiisikilize kwa spika ya simu. Besi, aliyoipiga Justin Meldal-Johnsen, ambaye pia aliitengeneza albamu pamoja na Taylor, itapotea yote. Tafuta hedifoni nzuri. Na kama unajifunza gitaa, chukua Told You So, ukamate rithimu yake kabla hujaigusa solo.