Kipimo cha umeme wa moyo Ngamiani: wanahesabu mbavu kwanza

Nimempeleka mama yangu kupima ECG, yaani umeme wa moyo, kwenye kliniki moja binafsi ya Ngamiani, Tanga, na naipa nyota nne kati ya tano. Jina la kliniki naliacha, kwa kuwa nyota ya tano wameikosa kwa jambo nitakalolieleza chini. Nataka pia msomaji aijue kazi nzuri ya kipimo hiki inavyofanywa, aidai popote atakapokwenda kupima, iwe Tanga, Mombasa au Bukoba.

Mimi ni fundi cherehani. Kupima vifua vya watu ndiyo kazi yangu, na najua inchi moja ikikosewa gauni linakaa vipi mwilini. Kwa hiyo macho yangu muda wote yalikuwa kwenye mikono ya yule dada mpimaji. Alianza kwa kufunga mlango, akavuta pazia, akamwambia mama avue blauzi na sidiria, akampa shuka safi ya kujisitiri. Akamfuta kifua kwa pamba yenye spiriti, maana mama alikuwa amejipaka mafuta ya nazi asubuhi, na vibandiko vya nyaya za mashine havishiki kwenye ngozi yenye mafuta. Kisha akaweka kidole kwenye kishimo cha chini ya koo, akakiteremsha polepole mpaka kwenye kinundu cha mfupa wa kifua. Hapo usawa wake ndipo ulipo ubavu wa pili. Akaendelea kuhesabu kwa sauti ndogo: wa tatu, wa nne. Chini ya ubavu wa nne, kulia kwa mfupa wa kati, akabandika cha kwanza. Kushoto kwake, cha pili. Cha nne alikitanguliza kabla ya cha tatu: alishuka nafasi moja, usawa wa katikati ya mtulinga, chini ya ziwa. Ndipo akakiweka cha tatu katikati ya cha pili na cha nne. Viwili vilivyobaki vikaenda kuelekea kwapani, kwenye usawa uleule.

Hivyo ni sita vya kifuani, na vibano vinne vya mikononi na miguuni. Vituo ni 10, lakini karatasi inatoka na picha 12, kwa sababu mashine inavilinganisha vituo hivyo kwa namna tofauti, na kila namna ni upande mwingine wa kuutazama moyo.

Nayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu kule tulikopima mara ya kwanza, mahali pengine kabisa, blauzi ilipandishwa tu, vibandiko vikawekwa kwa kukisia, na tukaondoka na kijikaratasi chenye neno moja la kusema moyo uko sawa. Sikuridhika, na nilikuwa na haki ya kutoridhika. Vibandiko viwili vya kwanza vikikaa juu mno, mawimbi yanabadilika sura, na msomaji anaweza kudhani anaona kovu la shambulio la moyo la zamani ambalo halikuwahi kutokea. Waya wa mkono wa kulia ukibadilishana na wa kushoto, baadhi ya mawimbi yanapinduka juu chini. Mtu anaweza kuanzishiwa dawa au kunyimwa dawa kwa uzembe wa namna hiyo.

Mama aliogopa kupigwa shoti. Dada yule alimwamkia kwanza, akamshika mkono. "Bibi, mashine hii haikupi umeme. Moyo wako ndio unaoutoa, sisi tunausikiliza tu." Mama akaitikia, "Haya mwanangu," na mabega yakashuka. Feni ikazimwa, kwa kuwa mtu akitetemeka kwa baridi misuli nayo inatoa umeme wake na mstari unakuja na mikwaruzo. Akaambiwa alegeze mikono, asiongee. Kurekodi kwenyewe kulikuwa kama sekunde 10 hivi.

Daktari alitupokea na ile karatasi ya mirabamiraba mkononi. Juu yake kompyuta ya mashine huwa imeandika maoni yake. Yeye aliyaruka, akasoma mawimbi mwenyewe, kisha ndipo akarudi kuyalinganisha. Hapo nilimheshimu. Halafu akageuza karatasi upande wetu, akatufundisha. Kinundu kidogo cha mwanzo ni umeme unapopita vyumba vya juu vya moyo. Mwiba mrefu ni vyumba vya chini, vile vinavyosukuma damu mwilini. Kilima cha mwisho ni moyo unapojiandaa kwa pigo linalofuata. Karatasi hutembea milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo mraba mkubwa mmoja ni sekunde 0.2. Ukihesabu miraba mikubwa kati ya mwiba na mwiba, ukagawa 300 kwa hesabu hiyo, unapata mapigo kwa dakika, mradi mapigo yaende kwa mpangilio. Ya mama ilikuwa miraba minne: mapigo 75. Kwa mtu mzima aliyetulia, kati ya 60 na 100 ndiyo kawaida.

Lakini miiba ya upande wa kushoto ilikuwa mirefu kupita kiasi. Daktari alisema presha ya miaka mingi inaulazimisha moyo kusukuma kwa nguvu, na msuli wake unanenepa. Akaongeza kwamba karatasi inadokeza tu. Wa kuthibitisha ni eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, inayoonyesha unene wa msuli na vali zinavyofunga. ECG inasoma umeme, haioni mishipa. Mtu anaweza kuwa na mshipa wa moyo ulioanza kuziba na ECG yake ya kupumzika ikatoka safi kabisa.

Mama pia hupata mapigo ya kwenda mbio, hasa usiku, yanakuja na kuondoka. Siku ile hayakuja, na sekunde 10 haziwezi kukamata jambo ambalo halipo. Kwa hilo kuna kile kimashine kinachovaliwa saa 24 au zaidi, Holter. Kliniki hii hawana, na walisema wazi kwamba hawana, hawakutuuzia kipimo kingine mbadala. Tukaandikiwa barua ya rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Muhimbili.

Kitu kimoja daktari alikirudia mara mbili, nami nakiandika kama alivyokisema: maumivu ya kifua yanayobana, jasho jembamba, pumzi kukata, hayo si ya kusubiri kliniki kufunguliwa. Ni hospitali yenye idara ya dharura, saa hiyohiyo. Wazee, wanawake na wenye kisukari wakati mwingine hawasikii hata maumivu, wanapata kichefuchefu na kuishiwa nguvu tu. Na ECG ya kwanza ikiwa safi huku dalili zinaendelea, inarudiwa, na damu inapimwa.

Sasa nyota waliyoipoteza. Mapokezi walitaka kubaki na karatasi halisi, sisi tuondoke na ripoti ya mistari miwili iliyojaa vifupisho. Nilikataa, tukabishana pale dirishani mpaka daktari alipoingilia kati. Karatasi hiyo ni ya mgonjwa kuwa nayo, walau nakala yake, kwa sababu ECG ya mwaka huu thamani yake kubwa ni pale inapowekwa kando ya ECG ya mwaka kesho. Daktari wa Muhimbili atataka kuona mawimbi, si maneno ya mtu kuhusu mawimbi.

Mkiipata, ipigeni fotokopi mapema. Mashine nyingi huchapa kwenye karatasi inayoandikwa kwa joto, kama za risiti za supamaketi, na maandishi yake hufifia kwa jua na muda. Msiipeleke kulaminetiwa, joto la ile mashine litaigeuza nyeusi yote.

Tulilipa shilingi 30,000 za kipimo, kumwona daktari mbali. Nendeni asubuhi, kabla foleni haijajaa. Mama avae blauzi ya vifungo vya mbele, asipake mafuta kifuani, na mchukue majina ya dawa zote anazotumia, kwa sababu zipo zinazobadilisha mawimbi na daktari atauliza.