Jujutsu ni nzuri, lakini mradi hauhami

Kwenye mradi wetu wa programu ya kukagua tahajia, kijana mmoja ameleta hoja tuachane na Git, zana ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, twende Jujutsu, zana nyingine ya kazi hiyo hiyo, ambayo watumiaji wake huiita jj. Kwa kuwa mimi ndiye ninayepokea michango ya wenzangu, nikaiweka kwenye kompyuta yangu na kuifanyia kazi za kila siku kabla ya kumjibu.

Inastahili sifa. Hakuna `git add`, ile amri ya Git ya kuchagua mabadiliko ya kuhifadhi: ukihariri faili, kisha ukaandika amri yoyote ya jj, mabadiliko yanakuwa yameshaingia kwenye komiti (rekodi ya mabadiliko) unayoifanyia kazi. Ukiitwa kwenye jambo la haraka, huna haja ya kuficha kitu pembeni. Lakini kilichoniteka hasa ni `jj undo`, amri ya kutengua ulichofanya. Nilikuwa napanga upya rundo la komiti za faili la viambishi vya vitenzi, zikagongana na kazi ya mwenzangu. Git hukusimamisha hapo hapo mpaka utatue mgongano mmoja ndipo uende kwenye mwingine. Jj ilipanga zote, ikazitia alama zenye mgongano, ikaniachia nizishughulikie nikipata nafasi. Mpangilio wenyewe haukunipendeza, basi `jj undo`, kila kitu kikarudi kilipokuwa. Kwa Git ningekuwa bado nachakura kwenye reflog, daftari lake la hatua zilizopita.

Kasoro zipo, na moja inanikera kweli. Jj haiendeshi zile skripti za ukaguzi ambazo Git huziita kabla ya komiti. Sisi tunayo moja inayokagua maneno yaliyojirudia. Kwa jj inanyamaza kimya. Halafu faili la nywila ambalo hukulitaja kwenye `.gitignore`, orodha ya faili za kuachwa nje, linaingia kwenye komiti bila kuulizwa, labda liwe zaidi ya MiB 1. Na jina la tawi, yaani la mkondo wa komiti zako, halisogei lenyewe, unalisogeza kwa mkono kila unapotaka kutuma kazi.

Sasa, tuhame? Tuhame kwenda wapi? Martin von Zweigbergk, mhandisi wa Google aliyeianzisha, aliijenga iweze kuhifadhi komiti ndani ya hazina ya Git yenyewe. Kijana akitumia jj na mimi nikitumia Git, seva haioni tofauti. Hii si kama lugha ya programu ya Python, iliyotoka Subversion kwenda Mercurial, zana nyingine za aina hii, mwaka 2011, kisha Februari 2017 ikahamia Git kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi miradi ya Git. Au Emacs, programu ya kuhariri maandishi, iliyoingia Bazaar, zana nyingine tena, ikatoka kwenda Git mwaka 2014. Kule kila mchangiaji alibeba virago vyake, skripti za kutoa matoleo zikaandikwa upya, na namba za komiti za zamani zikabadilika. Mercurial haikuwa mbovu, tena kwangu amri zake zilieleweka upesi kuliko za Git. Ilizidiwa na wingi: wachangiaji wapya walikuwa wanakuja wakiwa tayari wanaijua Git.

Kwa mtu mmoja mmoja naipa jj nyota nne kati ya tano. Mwongozo wetu wa wachangiaji unabaki na amri za Git, maana mwanafunzi anayetaka kurekebisha neno moja hatuwezi kumpa somo jipya kwanza. Kijana nimemwambia aendelee na jj yake, ila skripti ya ukaguzi aiendeshe mwenyewe kabla ya kunitumia kazi.